Wanaume Tisa Waliokataa Kazi

"Kwa hiyo umekataa kazi."

Zornitsa hakupaza sauti. Aliiweka barua mezani, pembeni ya banitsa, vile vitafunio vya unga na jibini alivyokuwa akivikunja, akajifuta unga mikononi taratibu. Lyuben alikuwa bado mlangoni, kiatu kimoja mkononi.

"Kazi ipi?"

"Ya kiwanda cha matela. Ofisi ya kazi wameandika hapa. Uliitwa, ukapewa nafasi, ukakataa. Wamekufuta kwenye orodha yao. Nikusomee au utasoma mwenyewe?"

"Sikukataa. Nilikubali."

"Ulikubali, wao wakasikia umekataa."

"Ndivyo hivyo."

"Lyuben, mimi si mtoto wa kulishwa maneno kwa kijiko."

Miaka sita ilikuwa imepita tangu karakana ya meli ifungwe pale kandokando ya mto Danubi, na Lyuben, fundi wa kuchomelea vyuma, hajapata kazi nyingine. Ndoa ameiahirisha mara tatu. Kila mara ni wimbo ule ule: nipate kazi kwanza, nikuoe kama mwanamume. Zornitsa akangoja. Alikuwa mtu wa kutazama na kunyamaza. Lakini mwezi huu alichoka, akamwambia wazi: kuna basi la kwenda Hispania, Ijumaa saa sita mchana, dada yangu Galya amenipatia kazi ya kuchuma stroberi. Ukipata kazi kabla ya Ijumaa, nabaki. Usipopata, usinisindikize.

Siku hiyo ilikuwa Jumatano.

Simu ya Zornitsa ikatetemeka kwenye rafu ya mlangoni. Lyuben ndiye aliyekuwa karibu, akausoma ujumbe kwanza. Ulikuwa wa Galya.

"Umeshafunga sanduku? Eti subira huvuta heri. Yako imevuta nini? Huyo hatakuoa hata ukizeekea mlangoni kwake."

Lyuben akamsogezea simu.

"Dada yako amesema kweli. Nenda zako."

"Ndicho unachotaka?"

"Ninachotaka ni uniamini neno moja tu. Sikukataa."

Akavaa tena kile kiatu, akatoka.

Kesho yake asubuhi Zornitsa alikuwa mtu wa kwanza dirishani kwa Penka, mwanamke wa ofisi ya kazi ambaye kila mtu mjini anamjua, na yeye anamjua kila mtu.

"Penka, Lyuben anasema alikubali."

"Wote wanasema hivyo, mpenzi."

"Wote kina nani?"

"Tisa. Kiwanda kiliwaita watu kumi na mmoja, tisa wamekataa. Kila mwezi wananililia hapa dirishani, kazi ikija wanaikimbia. Wanaume wa mji huu wamezoea makochi yao, nikwambie ukweli."

"Stoyko naye? Yule mwenye watoto watano?"

"Naye yumo."

Zornitsa akaegemea dirisha.

"Tulia kidogo, Penka. Mji mzima hauna kazi, halafu siku moja, mahali pamoja, wanaume tisa wanaikataa? Walikataaje? Kwa maneno?"

Penka akafungua jalada, kwa uvivu, akasoma.

"Meneja ameandika hivi: 'Akiwa kwenye jaribio la kuchomelea, nilimuuliza kama yuko tayari kwa zamu ya usiku. Alitikisa kichwa kulia na kushoto. Nikarudia mara tatu. Akatikisa mara tatu.'"

Wakatazamana.

Maana kwetu huku Danubi kichwa kikienda kulia na kushoto ni ndiyo. Kikipanda na kushuka ni hapana. Mtoto anakijua hicho kabla hajaota meno. Na fundi akiwa na ngao usoni, moto unawaka mkononi, haachi chuma katikati ili apige soga. Anakujibu kwa kichwa.

"Huyo meneja ni mtu wa wapi?" Zornitsa akauliza.

"Mjerumani," akasema Penka kwa sauti ndogo. "Mkalimani wake Bilyana alikuwa anaumwa siku ile. Maswali aliyakariri mwenyewe kwa lugha yetu, akaja kujisifu hapa."

"Na wale wawili waliokubali?"

"Walipewa kazi. Mpaka leo hawajatokea."

"Hawatatokea, Penka. Hao ndio waliokataa."

Penka akafunika uso kwa jalada. Zornitsa hakumngoja amalize kucheka, au kulia, haikujulikana. Akapiga simu.

"Lyuben, vaa shati safi. Tunakwenda kiwandani."

"Siendi kumpigia mtu magoti."

"Nani kakutajia magoti? Nikwambie ulikataaje kazi?"

Akamweleza. Lyuben akasikiliza mpaka mwisho.

"Nilidhani ni umri," akasema. "Nilidhani wameniona nimechakaa."

"Na mimi nilidhani umeniongopea. Hilo tutalizungumza baadaye. Njoo."

Meneja, Bwana Holtz, alikuwa mtu mrefu mwenye sauti ya upole. Bilyana alipomaliza kumtafsiria, wekundu ulimpanda toka shingoni mpaka utosini. Akaingia ndani, akarudi na kile chuma alichochomelea Lyuben, akapapasa kiungo kwa kidole gumba, akaongea kirefu.

"Anaomba radhi," Bilyana akasema. "Anasema ni kosa lake. Anasema kiungo hiki ni kizuri kuliko vyote alivyoona siku ile. Wewe anakuajiri sasa hivi, mkataba huu hapa. Wale wengine itakuwa vigumu, ameshaandikia makao makuu kwamba watu wa mji huu hawataki kazi, na wao wanatafuta mafundi kwingine."

Karatasi ikawekwa mezani. Zornitsa akaikodolea macho. Kitu alichokingoja miaka sita kilikuwa hapo, kinataka sahihi tu, na bado ni Alhamisi.

Lyuben akaisoma karatasi yote. Kisha akairudisha kwa vidole viwili.

"Mwambie tumeandikwa wavivu tisa. Basi tufutiwe uvivu huo wote tisa. Nikisaini peke yangu, wanane watabaki wavivu kwenye karatasi za watu, na mji mzima nao."

"Lyuben, fikiri," Bilyana akanong'ona. "Miaka sita, jamani."

"Naijua hesabu yake. Tafsiri."

Akatafsiri. Bwana Holtz akatazama dirishani, akasema atapiga simu makao makuu na kujibu Jumatatu. Hakuahidi kitu.

Nje ya geti Lyuben alisimama, mikono mfukoni.

"Haya. Sasa ndiyo nimekataa kazi. Kesho ukiondoka sina la kukulaumu."

"Kesho saa nne asubuhi una shughuli?"

"Mimi? Shughuli gani?"

"Ofisi ya mji inafungua saa nne. Tukaandikishe ndoa."

"Zornitsa, umeona mwenyewe. Sina kazi."

"Sijakuuliza hilo. Miaka sita unaniwekea ndoa rehani kwa mwajiri asiyekuwepo. Mimi sikuposwa na kiwanda, niliposwa na wewe. Na mwanamume niliyemwona mle ndani leo, nikimwachia wanawake wengine wa mji huu nitakuwa mjinga."

Lyuben akamshika mkono. Wakatembea hivyo mpaka mjini, na waliotaka kutazama wakatazama.

Njiani Zornitsa akamwandikia dada yake: "Kiti changu cha basi mpe mwingine. Kesho naandikisha ndoa."

Jibu lilikuja upesi. "Amepata kazi?"

"Amepata. Ameikataa."

"Una wazimu wewe."

"Ndiyo. Njoo ucheze harusini."

Ijumaa saa nne walikuwa mbele ya mwandishi wa ndoa, mama mwenye miwani mnyororoni. Alijaza majina, akajaza tarehe za kuzaliwa, kisha akainua macho.

"Kazi ya bwana?"

Lyuben akatazama viatu vyake.

"Fundi wa kuchomelea vyuma," akajibu Zornitsa.

"Anafanya wapi?"

"Hafanyi popote."

"Basi niandike hana kazi."

"Hapana, mama. Umeuliza kazi, na kazi anayo, iko mikononi mwake. Alichokosa ni ajira. Hilo ni deni la mji huu kwake, usimwandikie yeye."

Mama yule akamtazama Zornitsa, akamtazama Lyuben, akaitazama mikono yake mezani yenye makovu ya cheche.

"Mume wangu naye alikuwa kule karakana," akasema.

Akaandika: fundi.