Safari Yenye Mlango Mmoja

“Nyota mbili kati ya kumi?”

“Mbili.”

“Mimi? Nyota mbili, mimi?”

“Si wewe, mpenzi. Kitabu.”

Mchora Ramani alisimama mbele ya kaunta, simu mkononi, kitambulisho cha ofisi ya ardhi kikining’inia shingoni. Mtu ambaye hajawahi kuchelewa kazini hata dakika moja, leo katoroka saa nne asubuhi kwa sababu ya uchambuzi alioukuta kwenye simu akinywa chai. Na aliyeuandika ni huyu huyu, mchumba wake wa miaka mitatu.

Huyo mchumba nyuma ya kaunta, pale dukani walimwita Hakimu. Duka liliuza michezo ya mezani, na uliopendwa kuliko yote ni ule wa kusimuliana: mmoja anasimulia safari, wenzake kila mtu na mhusika wake wanaamua waende wapi, na dadu la pande ishirini linasema kama wamefaulu. Safari zenyewe huandikwa vitabuni, na vingi vya vitabu hivyo, tuseme ukweli jamani, ni hasara tupu. Hakimu alikuwa na rafu nzima ya vitabu hivyo. Kimoja kilikuwa na panga arobaini, zote zinakata sawasawa. Kingine kilieleza mji mzima wenye nyumba za wageni kumi na mbili, na ndani yake hamna hata mtu mmoja wa kuongea naye. Vyote alivisoma, akaandika alichokiona, na watu waliliamini neno lake kwa sababu hakuwahi kumpendelea mtu.

Sasa kaletewa cha mchumba wake.

“Ungeniambia kwanza pembeni,” Mchora Ramani alilalamika.

“Nilikuambia pembeni. Mara mbili. Ukasema sijaelewa.”

“Ulisema ramani ni nzuri!”

“Ramani ni nzuri, hakuna anayechora kama wewe. Lakini nikienda kushoto, daraja limevunjika. Kulia, mawe yameporomoka. Nikirudi nyuma, ukungu. Huo ni mchezo au korokoroni?”

“Hujasoma sura ya mwisho.”

“Si uliibandika gundi mwenyewe? Nimeandika wazi kwamba sijaiona.”

Ndivyo walivyofanya siku zote: nakala ya mchezaji hubandikwa gundi kurasa za mwisho, asije akajua yanayomngoja. Na Jumamosi, siku ya kukizindua kitabu, Hakimu ndiye angekuwa mchezaji wa kwanza. Vidole vilimwasha wiki nzima, lakini gundi hakuigusa.

“Hebu niambie,” akasema kwa upole. “Safari hii uliijaribu mezani na nani kabla ya kuichapisha?”

Mchora Ramani akaangalia dari.

“Nimekuuliza.”

“Peke yangu.”

“Peke yako vipi? Msimulizi wewe, mwizi wewe, askari wewe?”

“Nilikuwa nahama kiti.”

Hakimu alitaka kucheka, akataka na kumkumbatia. Alimwona kabisa, mwanamume mzima, anatoka kiti hiki kwenda kile, anajiuliza na kujijibu.

“Ndiyo maana humo ndani wote wanakubaliana na wewe,” akasema.

Hilo lilimchoma. Mchora Ramani akatia simu mfukoni.

“Jumamosi usije,” akasema, akatoka.

Jioni ile dada yake Mchora Ramani akapiga simu. Ndoa haijafungwa lakini huyu alishaanza kuitana wifi na Hakimu tangu mwaka wa kwanza, na kunyamaza hakujui.

“Wifi, umefanya nini? Kaka yangu hali, anachonga penseli tu!”

“Mpe pole.”

“Futa ule uchambuzi, wifi yangu. Futa mambo yaishe. Kitabu chenyewe nani anakisoma?”

“Wifi, nisikilize. Nikiufuta leo kwa sababu ya mapenzi, kesho nikimwambia nampenda atajuaje kama nasema kweli?”

Wifi akashusha sauti. Si kawaida yake.

“Kwa hiyo uko tayari kumpoteza?”

“Siko tayari. Nampenda mpaka naumwa. Lakini siufuti.”

Akakata simu, akakaa kitandani, machozi yakamtoka. Usione watu wana msimamo ukadhani hawalii.

Ijumaa mchana ujumbe ukaingia.

“Njoo kesho. Nakuomba. Sura ya mwisho niliiandika kwa ajili yako.”

Akajibu: “Nitakuja. Uchambuzi unabaki.”

“Najua. Ndivyo ulivyo.”

Jumamosi saa tisa duka lilifurika, watu wamebanana mpaka katikati ya rafu. Mama yake Mchora Ramani alikalia kiti cha mbele, kitambaa kipya kichwani, mkoba mapajani. Mezani walikaa watatu: Hakimu akiwa mwizi wa kufuli, yule wa kufungua chochote kilichofungwa, Wifi askari, na Fundi Bomba, fundi wa mabomba ya maji na mchezaji wa miaka mingi, akiwa mganga. Mchora Ramani alikaa upande wa pili na kitabu chake, jasho tele.

“Shikamoo mama,” Hakimu alisalimia kabla ya kuvuta kiti.

“Marahaba mwanangu. Mcheze kwa amani.”

Wakaanza.

“Napita mlango wa kushoto,” Hakimu akasema.

“Umefungwa.”

“Mimi ni mwizi wa kufuli, bwana. Nafungua.” Akarusha dadu.

“Ishirini!” Fundi Bomba akapiga meza. “Ishirini ni ya juu kabisa! Hapo hata benki inafunguka!”

Mchora Ramani akapekua kurasa.

“Kufuli halifunguki.”

“Kwa ishirini?”

“Lina kutu.”

Duka zima likacheka. Wakajaribu dirisha, likawa na nondo. Wakajaribu paa, likawa juu mno. Fundi Bomba akasema basi yeye anakaa chini, anakula, haendi popote. Akaambiwa ghafla hana njaa.

“Khaa! Hata njaa yangu unanipangia?” akauliza, watu wakavunjika mbavu.

Hakimu hakucheka. Alimwangalia mtu wake akizama mbele za watu, na moyo ulimuuma kama anazama yeye. Akasema taratibu, “Haya, tupite huo mlango mmoja unaotaka tuupite.”

Wakaingia chumba cha mwisho. Mchora Ramani akaichukua nakala ya Hakimu, akabandua gundi kwa rula, polepole, akaanza kusoma.

“Katikati ya chumba kuna kisanduku. Mwizi wa kufuli anakifungua. Ndani yake kuna pete. Mwizi anaitazama, machozi yanamtoka, anasema: ndiyo, nakubali kuolewa.”

Akafunga kitabu. Akatoa pete, pete ya kweli, akaiweka juu ya meza katikati ya madadu.

Weee! Vigelegele vikapasuka. Wifi alisimama, akakaa, akasimama tena. Mama akashika kifua.

“Subirini,” Hakimu akasema.

Hakupaza sauti, lakini vigelegele vilikatika kama bomba lililofungwa.

“Nani kasema nimesema ndiyo?”

“Mpenzi…”

“Nipe hicho kitabu.”

Akakifungua palepale. Chini ya yale maneno mazuri kulikuwa na mistari miwili midogo, maelekezo kwa msimulizi. Akayasoma kwa sauti, kila mtu asikie.

“Mwizi akikataa, mlango unajifunga. Arudishwe chumba cha kwanza, aanze upya mpaka akubali.”

“Makubwa!” Fundi Bomba akaguna.

Wifi akajiziba uso kwa mikono. Hakimu aliweka kitabu mezani.

“Miaka mitatu,” akasema. “Miaka mitatu nakupenda, na swali la maisha yangu umeniuliza, ukanijibia, ukaniwekea na adhabu. Machozi yangu umeyaandika wewe!”

Mchora Ramani aliinua macho kwake. Alipofungua mdomo, hakuwa akiongea na watu wa duka.

“Niliogopa.”

“Uliogopa nini?”

“Wewe. Wewe hujawahi kukosa pa kwenda. Kila nilipochora mlango unaofunguka, nakuona unatoka na hurudi. Nikauziba. Nikachora mwingine, nikauziba na huo. Mpaka ukabaki mmoja.” Akapangusa jasho kwa kiganja. “Nilijua kitabu kinaharibika. Nilijua kabla ya uchambuzi wako. Lakini bora kitabu kibaya kuliko wewe kuondoka.”

“Kwa hiyo ungenioa hivyohivyo? Mimi nimefungiwa?”

“Hapana. Nilikosea.” Akainuka, akakichukua kitabu, akakitia chini ya meza. “Nikuulize bila kitabu?”

“Niulize. Halafu nyamaza.”

“Nakupenda. Utakubali nikuoe?”

Kisha akafanya jambo ambalo hakuna aliyelitegemea. Alipita katikati ya watu mpaka mlango wa duka, akaufungua wote, akauegemeza kwa kreti. Mwanga wa barabarani ukaingia. Akarudi kitini, mikono juu ya magoti, akanyamaza.

Hakimu aliitazama pete. Akautazama mlango. Akachukua mkoba wake, akaenda.

“Wifi!” dada mtu akaita. “Kaka, mkimbilie! Umekaa kama gogo?”

“Mwache,” Mchora Ramani akasema. Alikuwa analia waziwazi, hajifichi, lakini hakujitikisa.

Nje, Hakimu alisimama ukingoni mwa barabara. Pikipiki zilipita. Muuza magazeti aliinua kichwa, akamsalimia. Hakuna aliyemshika mkono, hakuna aliyemwita jina. Angeweza kwenda nyumbani, akala, akalala, akaamka kesho mzima kabisa. Alilijua hilo kama anavyolijua jina lake. Alisubiri aone kama miguu inataka kwenda. Haikutaka.

Ndani, mama alikuwa ameshaanza kuinua mkoba wake aondoke na aibu yake, kivuli kilipoangukia kizingitini.

“Mama, kaa,” Hakimu akasema. “Unakwenda wapi, nimekuja kuolewa.”

Akapita hadi mezani, akasimama mbele ya Mchora Ramani.

“Nimefika barabarani, na hakuna kinachonizuia. Umenielewa? Hakuna. Nimerudi kwa sababu nakutaka wewe. Na siku yoyote ukiniziba njia tena, sitagombana na kufuli, nitagombana na wewe.”

“Nimeelewa.”

“Machozi yangu sijayatoa, unayatoa wewe. Futa uso, univishe.”

Akamvisha. Pete ilikwama kwenye kifundo cha kidole, ikabidi Hakimu mwenyewe amshikie kiganja, waisukume pamoja mpaka ikaingia.