Mfumu Aliyeuliza Ukoo

Mbu ndio walioanza kutoweka. Ilikuwa mtaa wa Naviundu, kando ya mto, mvua zimechachamaa na maji yamesimama kwenye kila shimo la barabara, na hakuna mbu hata mmoja. Majirani walifurahi. Mwaka ule ulikuwa umewanyima kila kitu: askari walivunja maduka ya mjini, raia wakafuata wakabeba mpaka milango, migodi ilizimika mmoja baada ya mwingine, zahanati zilibaki kuta. Kulala bila kuwashwa kulionekana kama zawadi.

Syntiche peke yake ndiye aliyeuliza.

"Mama, na beko wapi, bale bambu?"

"Weye!" Mama Julienne alicheka huku akipepea mkaa. "Bambu banaenda, unabatafuta? Unabakosa?"

"Kama benye kunywa damu banakimbia, banakimbia nani?"

Mama Julienne aliacha kupepea. Hakupenda swali lile, na hakuwa wa kwanza kutopenda maswali ya Syntiche. Kuuliza ndiko kulikomwangusha. Kule juu alikokuwa, kati ya malaika, aliuliza kwa nini kwaya inaendelea kuimba wakati watoto wa mji ulio chini wanazikwa kila asubuhi. Hakujibiwa. Aliuliza tena. Basi akaanguka, siku ya mvua ya kwanza, juu ya mabati ya Mama Julienne, bawa moja limevunjika.

Mama Julienne, mjane asiyejaliwa mtoto, hakupiga kelele. Alimfunika kwa kitenge, akalifunga lile bawa kwa vijiti, akampa jina la dada yake marehemu. Tangu hapo akawa "mutoto yangu". Majirani walishangaa siku chache, wakazoea. Mwaka ule watu walizoea mambo makubwa kuliko mbawa.

Kisha ikaja harufu. Harufu ya shaba iliyolowa, kama kitasa cha zamani kilichoshikwa na mikono mingi yenye jasho. Ilianzia ukumbini, jioni moja umeme umekatika, na Mama Julienne alipoingia na kibatari alimkuta mtu amekaa kwenye kiti cha marehemu mume wake. Hakuwa amepiga hodi. Alikuwa mrefu, amevaa suti ya kale iliyofifia rangi, ngozi ya chui begani.

"Mimi ni Mfumu Ngosa," alisema, "chifu wa hapa, mwina Ngo, wa ukoo wa chui. Nilikuwa nikisinzia chini ya ardhi. Mmechimba mpaka mmeniamsha, halafu mkaondoka mkaacha shimo wazi." Akamgeukia Syntiche, na sauti yake ikapungua ukali. "Nilikusikia ukianguka. Mji mzima unaanguka, lakini wewe peke yako ulianguka kutoka juu."

Asubuhi Syntiche aliamka mgongo ukiwa mwepesi. Mbawa zake zilining'inia juu ya mlango wa ukumbi, zimefungwa kwa waya wa shaba. Alipojaribu kupita chini yake, miguu yake ilikataa.

Tangu siku hiyo nyumba ya Mama Julienne ikawa ikulu. Madirisha yalifungwa mchana kutwa. Kila magharibi nyumba moja ya barabara ile ilimleta mtu wake; aliingia, akapiga magoti, akapiga makofi ya heshima kama inavyotakiwa mbele ya mfumu, akatoka midomo imekuwa rangi ya majivu, ameshika shingo. Na wezi, waliokuwa wakivunja nyumba za Naviundu kama wanavunja karanga, hawakukanyaga tena pale.

"Barabara yetu inalala," alisema Papa Anaclet, jirani, aliyekuwa mtu wa reli mpaka treni zilipokoma, na mwongoza kwaya wa parokia. Sasa alikuwa mjumbe wa Mfumu. "Kidogo ya damu, mutoto, haiue muntu. Bale bezi njo bako banaua."

"Na ile damu ya bibi yako, Papa Anaclet, ni kidogo?"

Papa Anaclet, akimkumbuka mkewe, alitazama viatu vyake.

Damu ya Syntiche Mfumu hakuigusa. Alitaka kitu kingine. Alasiri alikaa naye kwenye giza la ukumbi, na hapa ndipo lilipokuwa jambo gumu, ambalo Syntiche hakumwambia hata Mama Julienne: Mfumu alimjibu. Syntiche aliuliza kwa nini wafu wengine hulala na yeye hakulala, akajibu kwamba hata yeye hajui. Aliuliza kama damu ina ladha ya mtu mwenyewe, akafikiri, akajibu. Hakuna aliyewahi kumjibu, si juu wala chini. Ziko siku aliposikia hatua zake na moyo ukaruka kabla yeye hajaukataza. Kisha upepo ulipenya chini ya mlango, manyoya yakasuguana na waya, kri, kri, naye akakumbuka.

"Niachilie," alimwambia.

"Uende wapi? Juu walikufungia mlango. Huko nje wanauana kwa ajili ya magodoro. Hapa unapendwa."

"Mbona mapenzi yako yanahitaji waya?"

Mfumu alicheka, na Syntiche akaona meno. "Swali hilo nitalijibu siku utakayosema ndiyo. Mbele ya watu, kwa desturi. Sichukui mke kama mwizi."

Hiyo ilikuwa kweli. Mfumu hakukiuka desturi hata moja. Hakunywa mpaka apigiwe makofi, hakumsemesha aliyeleta damu mpaka apige magoti. Syntiche, aliyekuwa na muda mwingi wa kufikiri, alianza kutambua kwamba mtu huyu hana jeshi, hana bunduki, hana hata walinzi: ana desturi tu, na watu wanaoifuata.

Alikataa kusema ndiyo. Ndipo Mfumu akaanza na Mama Julienne.

Siku ya kwanza mama alitoka akitabasamu, akasema haikuuma. Siku zilizofuata Syntiche alikaa upande wa pili wa pazia akisikiliza, kwanza makofi ya mama yake, ambayo kila jioni yalikuwa dhaifu zaidi, kisha ukimya, kisha ile sauti ya kuvuta polepole kama mtu anayekunywa chai ya moto kwa uangalifu asiunguze ulimi, na harufu ya shaba ikipanda mpaka ikamkaa kooni, na manyoya yake mwenyewe juu ya mlango yakitetemeka bila upepo, mpaka akaziba masikio na bado akasikia, kwa sababu sauti ile sasa ilipita ukutani, sakafuni, kwenye mifupa ya mkono wake.

"Mama," alinong'ona baadaye, akimlaza, "nitasema ndiyo."

"Usiseme." Mama Julienne alikuwa baridi kama chungu cha maji. "Miye niko muzee."

"Hauko muzee. Uko bila damu."

Harusi iliwekwa alasiri ya Jumamosi. Mawingu yalikuwa yameshuka mpaka ukumbini kukawa giza kama ndani ya gunia. Majirani walikaa kwenye mikeka. Papa Anaclet alikuwa mshenga. Alipiga magoti na kuuliza, kwa sauti ya kukwaruza, maana desturi inataka hivyo na Mfumu mwenyewe alimwagiza asiruke kitu:

"Tunauliza. Huyu mwanamuke iko wa ukoo gani?"

Mfumu alitabasamu. "Sema, mpenzi. Waambie huna. Aliyeanguka kutoka juu hana ukoo, na asiye na ukoo hana wa kumdai. Tangu leo utakuwa wangu peke yangu."

Syntiche alikuwa ameandaa lile neno moja mdomoni. Lilikuwa pale, tayari. Lakini aliposikia *huna*, hasira ilimpanda kutoka miguuni.

"Niko na mama," alisema. "Ukoo unatoka kwa nani, Papa Anaclet? Unatoka juu?"

"Unatoka... kwa mama."

"Basi uliza mama."

Vichwa vyote viligeuka. Mama Julienne alikuwa ameegemea ukuta. Mfumu alimtazama, na kila mtu alielewa kwamba mama akijibu vibaya hataiona Jumapili. Mama akajikokota mpaka kwa Syntiche, akamshika mkono.

"Miye njo mama yake," alisema kwa sauti ya chini. "Miye mwina Mbushi. Na yeye mwina Mbushi."

Mtu fulani mkekani alishika mdomo. Asiyetoka upande huu na aelezwe: bena Ngo, watu wa chui, na bena Mbushi, watu wa mbuzi, ni banungwe, watani. Kwa kuwa chui hula mbuzi, mbuzi amepewa ulimi. Anaweza kumtukana chui mbele ya watu, hata akiwa mfumu, hata msibani. Anaweza kuchukua kitu chake. Na chui akikasirika, aibu ni yake. Na chui akifa, ni mbuzi anayemzika.

Syntiche alisimama.

"Munungwe wangu!" alisema. "Kumbe ni weye? Mbona haukusema? Angalia hiyo suti! Nani alikufia ndani, ao ni weye mwenyewe? Mfumu mukubwa, anakunywa bamama kama kupe kwenye mukia ya ng'ombe!"

Kicheko kimoja kilitoroka nyuma. Mfumu aliinuka nusu, macho yamewaka.

"Unakasirika?" Syntiche aliuliza taratibu. "Mbele ya bantu? Kasirika basi. Vunja hii desturi. Lakini ukivunja hii, ni nini kingine kinakufanya Mfumu? Makofi yao?"

Mfumu alitazama mikeka. Hakuna aliyepiga makofi. Alikaa.

"Juu ya mlango kuna vitu unaita vyako," Syntiche aliendelea. "Nachukua. Ni haki ya munungwe." Akapanda kigoda, akakata waya, akazishusha mbawa. "Sasa nijibu, kama unavyonijibu siku zote. Nani alikuzika?"

Mfumu alishusha ngozi ya chui begani.

"Hakuna," alisema Mfumu Ngosa. "Nilikufa mwaka wa vita. Watu wote walikimbia, udongo ukanifunika bila mkono wa mtu."

"Njo maana haukulala."

"Njo maana." Mara ya kwanza alisema kama watu wa pale wasemavyo. Kisha, polepole: "Ulinipenda?"

"Siku zingine, ndiyo. Hiyo haikukupa ruhusa." Sauti yake ilikatika, akaikaza. "Lala chini, mbwa muzee. Munungwe wako amefika."

Akalala. Walimzika nyuma ya nyumba, mvua ikinyesha. Munungwe halii kaburini, hucheza; basi Syntiche alirusha udongo na matusi mpaka shimo likajaa, na kama uso wake ulilowa, ilikuwa mvua. Mbawa zilikuwa zimekauka kama ngozi ya ngoma. Hazingeruka tena. Alizifunga mgongoni hivyo hivyo.

Alipogeuka, majirani walikuwa wamepiga magoti kwenye matope, barabara nzima. Papa Anaclet alianza makofi, pa, pa, pa, na wengine wakafuata.

"Bezi batarudi leo," alisema. "Tutakuletea nani kwanza, Mfumu?"

Jina lile lilimwingia Syntiche kama chai ya moto tumboni, na lilikuwa tamu. Hilo lilimtisha kuliko meno.

"Simameni!"

Hakuna aliyesimama. Makofi yaliongezeka.

Basi, kwa kuwa mtu aliyekasirika hapigi magoti, akaanza na aliye karibu, na hakuchagua maneno.

"Papa Anaclet! Mwongoza kwaya gani weye, sauti kama bawaba! Treni zilikimbia ni sababu ya kukuchoka! Ulipeleka bibi yako kwa mikono yako mwenyewe, na suruali ulipiga pasi!"

Aliendelea, mtu kwa mtu, jina kwa jina, kila aibu aliyoijua ya barabara ile, kwa sauti ya kusikika mpaka mtoni, huku Mama Julienne akijifunika uso. Makofi yalilegea. Mshipa ulimsimama Papa Anaclet shingoni, pale palipokuwa na alama ya meno.

"Umeniita nani?" alisema, akainuka, magoti yakichuruzika matope. "Weye mutoto, umeniita nani?"