MUME WANGU ALINIAMBIA NIZIBE MBAO ILIYOOZA

"Ziba! Kama hutaki kuziba, toka kwenye karakana yangu!"

Huyo ni mume wangu wa ndoa, wadau. Bisibisi yangu ilikuwa imezama hadi mpini nyuma ya ile boti kuukuu. Nilipoichomoa, yakatoka maji meusi.

Niwaeleze kidogo. Boti ya faiba kwa nje ni ngumu, ila pale nyuma injini inapofungwa, ndani kuna mbao. Ikioza hiyo, injini inang'oka mkiwa katikati ya maji. Basi tena.

"Imeoza yote," nikamwambia. "Tukate, tuweke mpya."

"Piga faiba juu, paka rangi. Mnunuzi anakuja mchana."

"Mnunuzi gani?"

Akaangalia pembeni...

"Mdogo wako."

Jamani!

Kitinda mimba wetu! Niliyembeba mgongoni mama alipofariki. Mume wangu anataka kumzamisha, na mimi ndiye nishike brashi!

Ajabu, sikulia. Hata hasira sikuwa nayo. Nilikufa ganzi, nikabaki kuangalia mikono yangu kama ya mtu mwingine.

Alipotoka kwenda kununua rangi, nikapiga simu.

"Usinunue hii boti, mdogo wangu. Imeoza nyuma."

Akashusha sauti.

"Dada, najua."

"Unajua?!"

"Sipandi mimi. Nina mteja wa kumuuzia, anabeba abiria, hajui chochote. Tutagawana na shemeji. We ziba vizuri tu, dada yangu."

Nikakata simu. Nikasema sasa machozi yatakuja. Wapi!

Nikawasha grinda. Nikakata nyuma yote, kutoka ubavu huu hadi ule. Mbao ikamwagika sakafuni kama makapi ya chai. Tundu lile hata mbuzi angepita, rangi gani ingelificha?

Mume wangu akarudi na kopo mkononi.

"Umefanya nini?!"

"Nimeanza matengenezo."

Naandika haya nikiwa kwa shangazi, na begi moja tu. Ndoa sijui, udugu sijui. Bado sihisi kitu, labda kesho.

Najua mtaniita shujaa huko inbox. Acheni. Nilipiga ile simu kwa sababu nilidhani atakayezama ni mdogo wangu.

Ukiambiwa uzibe uozo, usisubiri kujua nani atapanda. Hao abiria nao ni wadogo wa watu.