Shemeji Alipokuwa Anakuja

Haya yalimpata mume wa dada yangu, hapa hapa mjini Elea, na nyumba bado ipo.

Asubuhi ile tulikuwa tunamenya vitunguu uani, mimi na dada Mirto. Ndani alilala mama mkwe wake, Kleno, mgonjwa taabani, akimwita mwanawe Lamponi. Dada akanituma nikamwite.

Nilimkuta sokoni, kwa wale wanaobishana kutwa kwamba mtu hawezi kufika popote: lazima afike nusu ya njia kwanza, kisha nusu ya iliyobaki, kisha nusu tena, bila mwisho.

"Shemeji, mama anakuita. Hali si nzuri."

"Mwambie nimeshafika nusu ya njia!" Wenzake wakacheka. "Nenda bwana, nakuja."

Nikarudi peke yangu. Mama Kleno alinitazama, akatazama mlango.

"Amesema anakuja, mama."

Akanong'ona, "Basi na awe anakuja."

Akakata roho.

Tulimzika. Baada ya siku za matanga Lamponi akaenda kummwagia mama yake divai ya tambiko kaburini. Alasiri tukamwona anarudi, anapanda njia. Dada akapakua dengu.

Dengu zikapoa.

Alikuwa bado njiani. Miguu inakwenda. Alifika kisimani, halafu kwenye ukuta, halafu karibu na mlango, na kila mara alisogea kidogo kuliko mara iliyopita.

"Mbona umesimama?" dada akauliza.

"Sijasimama. Natembea."

Jasho lilimtiririka. Akanyoosha mkono, dada akanyoosha wake. Kati ya vidole ungepitisha uzi. Baadaye unywele.

"Nishike, Mirto."

"Sikufikii."

Nikazunguka nyuma nimsukume. Mgongo wake ulikuwa pale, mbele ya viganja vyangu. Nilisukuma mpaka mikono ikafa ganzi. Sikuugusa.

Wale wa sokoni walikuja kumwona. Mmoja akachuchumaa, akaangalia pengo kati ya unyayo na kizingiti. Aliangalia sana. Akainuka, akaenda zake. Hakuna aliyebisha.

Tulimwekea maji, hakuweza kuyafikia. Usiku tulisikia nyayo zake. Dada alikaa ndani ya mlango, wametazamana. Siku zilivyokwenda, Lamponi akaanza kufifia kama nguo iliyoanikwa sana juani. Kwanza uso. Miguu ikawa ya mwisho.

Asubuhi moja hapakuwa na kitu. Dada akafagia, akawasha moto. Hakulia. Mimi pia sikulia. Sijui kwa nini.

Dada bado anaishi mle mle. Hapitii mlango wa mbele. Jiwe la kizingiti lilianza kulika upande wa nje, mashimo mawili ya nyayo, la kulia na la kushoto, yenye unyevu hata wakati wa kiangazi. Mwaka jana tukalitoa, tukaweka jipya, gumu, la mlimani.

Jana nililipapasa. Alama za vidole vya miguu zimeanza kuonekana.