Sanduku Lisilo na Mlango

Jamani, sogeeni niwaeleze. Mimi ni fundi wa kuchomelea vyuma, maneno si kazi yangu, na habari hii nimeisimulia mara nyingi mpaka imeniishia ladha mdomoni. Nairudia kwa sababu nawasikia vijana wa uwanja wa malori wakiigeuza, wakimfanya jirani yangu shetani. Hakuwa shetani. Tulitenganishwa na ukuta mmoja, miaka tisa.

Kama mngepita kwake Jumapili moja asubuhi, kabla ya mambo haya yote, mngesema hawa watu wameneemeka. Baba mwenyewe, tuliyemwita Bosi, alikuwa analiosha lori lake huku anapiga mluzi. Mkewe, shemeji yangu wa ujirani, alikuwa barazani kwenye cherehani anashona sare za shule. Binti yao wa darasa la tano alikuwa anawaongelesha wote wawili kwa mpigo. Tulimwita Chiriku, maana mtoto yule alikuwa haachi kusema hata akiwa anapiga mswaki.

"Mjomba fundi," aliniita juu ya ukuta, "eti chuma kikichomelewa kinaumia?"

"Kiulize chenyewe," nikamjibu.

Akaenda kweli kuliuliza kabati la mama yake. Kabati hilo la chuma nililitengeneza mimi, shemeji akafungia humo vitambaa vya wateja. Ufunguo wake mdogo wa shaba aliufunga uzi mwekundu, akautundika kwenye msumari juu ya mlango.

Sasa sikilizeni hali ya uwanjani. Madereva wetu hawajaajiriwa na mtu. Kila mmoja ana lori lake, zima au la kusukuma, na mzigo anaupata kwa dalali. Dalali ndiye anayepanga malipo ya safari. Ukikataa anamwita aliye nyuma yako kwenye foleni. Siku tatu unakaa nje ya ghala kungoja kupakia, choo hakuna, maji hakuna, na kukaa huko hakulipwi. Ukishapakia tu, unaambiwa mzigo uwe umefika kesho. Utalala saa ngapi? Shauri yako.

Walichoka. Wakakubaliana kuegesha malori yote mpaka matajiri wa mizigo wakae nao mezani. Mara mbili nyuma walishajaribu, na mara zote mbili kuna aliyechoropoka kwenda kupakia, mambo yakavunjika. Safari hii Mwenyekiti wao alinifuata kibandani.

"Fundi, tutengenezee sanduku lisilo na mlango."

"Litafunguliwaje?"

"Utalikata wewe, siku tukielewana na matajiri. Kabla ya hapo asiliguse mtu."

Malori yao wameyanunua yameshatumika, na kila lori lina ufunguo mmoja tu. Basi nikachomelea sanduku pande zote, nikaacha tundu juu. Kila dereva alizungushia ufunguo wake karatasi ya kaki, akaandika namba ya gari, akautumbukiza mbele ya wenzake. Mmoja alibusu kikaratasi chake: "Kwaheri, bi mkubwa!" Watu wakavunjika mbavu. Zamu ya Bosi ilipofika wakampigia makofi, kwa kuwa siku zote alikuwa anajisifu kwamba yeye ni bosi wake mwenyewe, vikundi ni vya wasiojiweza. Akatumbukiza. Ukalia chini, nimeusikia kwa masikio yangu.

Kesho yake asubuhi nikasikia zogo upande wa pili. Ufunguo wa kabati haupo. Wiki hiyo hiyo shemeji alitakiwa apeleke sare shuleni, na zote zilikuwa humo ndani.

"Wewe ndiye unayelichezea hili kabati!"

"Mama, sijaugusa, haki ya Mungu."

Nikasikia kofi, halafu la pili.

"Funga huo mdomo. Nisikusikie tena mpaka ufunguo uonekane."

Nilichungulia juu ya ukuta. Bosi alikuwa amekaa kizingitini na kikombe cha chai, hatua tatu kutoka kwa mtoto, anapuliza chai ipoe. Hakugeuka. Wakati ule sikulitilia maanani.

Shemeji akaniomba nikakate kitasa. Nikamwambia kesho. Kesho za mafundi mnazijua.

Siku ya tatu ya mgomo, saa sita mchana, madereva walikuwa kwenye mkutano kibandani kwangu, sanduku limewekwa katikati. Ghafla injini ikanguruma nje. Dereva anaijua injini ya mwenzake kama unavyokijua kikohozi cha mwanao.

"La Bosi hilo."

"La Bosi vipi? Ufunguo wake si umo humu?"

Wote wakaligeukia sanduku. Mmoja akanivaa: "Fundi, umelikata wewe!"

"Nimelikata na meno?" nikamfokea. "Njoo utazame! Pitisha kidole kila pembe!"

Wakatazama. Palikuwa pazima. Mwenyekiti akalitikisa, funguo zikalia. Nje, mlio wa lori ulikuwa unaishia barabarani. Vijana wawili wakaokota mawe, Mwenyekiti akawazuia mlangoni.

"Kaeni chini. Mkirusha jiwe moja tu, kesho tutaitwa wahuni, na hakuna atakayetusikiliza."

Wakakaa. Mmoja alikuwa analia, mtu mzima na ndevu zake.

Baadaye tulijua kwamba dalali alimwahidi Bosi mizigo yote ya wiki ile, na mgomo ukivunjika awe wa kwanza kwenye foleni daima. Mtaniuliza, kwa nini basi hakusema tangu mwanzo kwamba hayumo? Aliona haya. Alitaka wenzake wampigie makofi, na mzigo pia aupate.

Akaenda, akarudi, akapakia tena papo hapo bila hata kuvua viatu. Siku ya pili nilimkuta kituo cha mafuta, macho mekundu, anajimwagia maji ya chupa kichwani.

"Jirani," nikamwambia, "kalale. Hata kwa muda wa saa mbili."

"Wao wamelala kwa niaba yangu," akacheka. "Mimi ni bosi wangu. Nani wa kunipangia usingizi?"

Nilikuwa na hasira naye kwa usaliti ule. Nikampa mgongo, nikaondoka. Ningeweza kumnyang'anya ufunguo wa lori mkononi, ulikuwa unaning'inia kidoleni mwake pale pale mbele yangu. Hilo linaniuma kuliko yote niliyotaja na nitakayotaja.

Safari ya tatu, saa nane mchana, barabara imenyooka na kukauka, hakuna gari mbele wala nyuma, akasinzia. Lori likaingia mtaroni, mifuko ya saruji ikaja mbele ikambana. Walimtoa kwa kukata bodi kwa mashine kama hii yangu. Alitoka hai. Kuanzia kiunoni kwenda chini hajisikii tena.

Siku nne baada ya ajali, matajiri walikaa mezani. Wengine wanasema waliogopa, wengine wanasema maghala yalijaa. Mimi sijui. Ninachojua ni kilichoandikwa: malipo ya safari yamepanda, siku za foleni zinalipwa, choo na maji vipo, na dereva aliyetoka safari ndefu hapakii tena mpaka alale kwa muda wa saa nane kamili. Nilipomsikia Mwenyekiti akilisoma hilo la kulala, nilitafuta furaha moyoni nisiione.

Nikawasha mashine, nikalikata sanduku. Wakawa wanaitwa kwa namba, kila mtu anafungua kikaratasi chake, wanakumbatiana. Kikabaki kimoja. Namba ilikuwa ya Bosi. Mwenyekiti akakifungua.

"Hiki nacho ni cha nini?"

Ufunguo mdogo wa shaba, uzi mwekundu. Niliujua kabla hajamaliza kuuliza. Nikautia mfukoni nikasema nitaupeleka kwa wenyewe.

Nilikaa na ufunguo ule wiki tatu, mpaka Bosi alipotolewa hospitali. Nilipoingia, Bosi alikuwa amelazwa chumba cha mbele, kitanda kimesogezwa dirishani. Shemeji alikuwa anakunja shuka. Kazi ya sare shule ilishampa mshonaji mwingine, na kabati lilikuwa bado limefungwa vile vile. Hakuna aliyekuwa na nguvu ya kulishughulikia. Chiriku alikuwa ameshika kikombe, anamnywesha baba yake kwa kijiko. Kimya. Shemeji aliniambia mtoto amekuwa hivyo tangu siku ile ya kofi. Anajibu akiulizwa, basi.

Nikauweka ufunguo mezani.

Shemeji akaacha kukunja shuka. "Umeuokota wapi?"

"Ulikuwa sandukuni," nikasema. "Kwenye karatasi yenye namba ya lori lenu."

Nilisikia kijiko kikigonga kikombe.

"Niliuchukua mimi," Bosi akasema, uso ameuelekeza dirishani. "Ndio uliokuwa karibu."

"Ulikuwa umekaa pale," shemeji akasema. Sauti yake haikupanda. "Nampiga, na wewe umekaa pale unakunywa chai."

"Nilikuwa pale."

Shemeji akauchukua, akaenda kufungua kabati. Kitasa kikazunguka bila taabu, nilikitengeneza vizuri. Sare zilikuwa zimepangwa, nyeupe na buluu, na harufu ya nguo iliyofungiwa. Akapiga magoti mbele ya mwanawe.

"Mwanangu, nisamehe. Haya, sema. Sema chochote unachotaka."

Ningependa kuwaambia kwamba mtoto alilia, au alimkumbatia mama yake, au alimtukana baba yake. Mimi mwenyewe ningemtukana. Chiriku aliuchukua ufunguo mkononi mwa mama yake, akapanda kigoda, akautundika kwenye msumari. Akashuka, akarudi kitandani na kikombe chake.

"Baba," akasema, "fungua mdomo."

FUNZO

Dereva, fundi, mshonaji, yeyote unayenisikia: ukiingia na wenzako, ingia mzima mzima. Kama huwezi, sema huwezi, mchana kweupe. Watakukasirikia kisha watakusalimia. Ukiwapa ufunguo wa uongo, ujue umeutoa nyumbani kwako, na wa kwanza kuulipia ni aliye mdogo kuliko wote humo ndani.

Na usingizi si anasa ya kupewa na dalali. Wenzake Bosi waliegesha malori ili yeye pia apate kulala.

Nanyi majirani mnaoondoka na hasira zenu kama nilivyoondoka mimi pale kituo cha mafuta, mkasirikieni mtu akishalala. Kwanza mnyang'anyeni ufunguo.