Maji Baridi ya Machimbo

"Funga mlango huo, Adoyo! Unataka mwanangu afe kwa baridi?"

"Mama, hewa imekuwa nzito. Kichwa kinaniuma."

"Kichwa chako au mume wako? Chagua!"

Truphena alikuwa ameweka jiko la makaa karibu na kitanda. Dirisha alikuwa ameliziba kwa gunia. Kitandani alilala mwanawe Walter, fundi wa reli, suruali yake bado imelowa maji.

Walter na mkewe Adoyo walipanga chumba katika mtaa wa Mowlem, pembeni mwa jiji, karibu na machimbo ya zamani ya mawe. Shimo hilo lilijaa maji tangu mvua za Aprili. Kila Jumamosi Walter na wenzake walikwenda kuogelea huko. Sasa ilikuwa Julai, na tangu asubuhi jua halikuonekana.

Tobias, rafiki aliyemleta, alisimama pembeni akikunja kofia yake.

"Alisema yeye ni mtoto wa ziwani," Tobias alieleza. "Alisema atavuka mara mbili. Mara ya pili alifika katikati, mikono ikakataa. Tukamtupia mpira wa gurudumu la lori, tukamvuta. Nikampa chang'aa kidogo apate joto."

"Ulifanya vizuri," alisema Truphena. "Alikuwa anatetemeka kama mashine ya posho. Sasa ametulia. Jiko linafanya kazi."

Adoyo alimwinamia mumewe. "Walter, unanisikia?"

"Niletee baiskeli," alijibu Walter kwa ulimi mzito.

Walter hakuwa na baiskeli. Hakuwahi kuwa nayo.

Adoyo alitoka mbio. Alirudi na jirani yao Muhiba, muuguzi wa zahanati ya baraza la jiji. Muhiba alikuwa na unga wa chapati mikononi.

"Nani ameleta jiko humu? Litoke!"

"Wewe ni nani wa kunifundisha?" Truphena alifoka. "Mimi nimezaa saba."

"Hongera, Mama. Tusiwafanye sita. Makaa yakiwaka katika chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu. Huioni, wala haina harufu. Humlaza mtu, asiamke. Adoyo ameshaanza kuumwa kichwa."

"Jiko halitoki!"

Kwa miaka mitano Adoyo hakuwahi kumpinga mama mkwe wake. Alilivuta gunia dirishani. Alishika jiko kwa leso, akalipeleka nje, akauacha mlango wazi.

Muhiba aligusa kifua cha Walter. Kilikuwa baridi.

"Huku kutulia si kupona," alisema. "Mwili hutetemeka ili upate joto. Ukiacha kutetemeka huku bado ni baridi, na mtu anasema ovyo, basi umeshindwa. Huyu ni wa hospitali. Tumvue hizi nguo polepole. Alale chali. Tobias, acha kumsugua miguu! Unasukuma damu baridi kwenye moyo."

"Nimwongezee pombe kidogo, sista?"

"Hapana! Pombe hudanganya. Ngozi husikia moto, kumbe joto la mwili linatoka. Hata chai asipewe mpaka azungumze sawasawa na aweze kumeza."

Walimkausha, wakamfunika mablanketi mawili mpaka kichwani. Adoyo aliingia ndani ya mablanketi, akakumbatia kifua chake. Muhiba alipaza sauti dirishani amwite mumewe, Idarusi, alete gari.

Walingoja. Kisha meno ya Walter yakaanza kugongana.

"Anatetemeka tena!" Truphena alishtuka.

"Vizuri," alisema Muhiba. "Mwili umeamka. Lakini hospitali ataenda."

"Adoyo," alisema Walter. "Nasikia baridi."

Tobias alikuna kichwa. "Lakini huyu ni hodari, sista. Kwao huogelea kutwa nzima."

"Ziwa la kwao lina joto. Maji baridi hayajali hodari. Ukijitupa ghafla, pumzi hukatika, ukameza maji. Ukikaa sana, mikono hufa ganzi, na hapo uhodari umekwisha. Mtu aingie polepole mpaka pumzi itulie. Asiende mbali na ukingo. Awe na mwenzake nchi kavu mwenye kamba au mpira. Atoke mapema, avae nguo kavu. Na asiguse pombe."

Tobias alitazama mlangoni. "Mativo ndiye anayefuata," alisema polepole.

"Anafuata wapi?"

"Kuvuka. Ni zamu yake. Walikuwa wanamalizia chupa kwanza."

"Na ule mpira?"

"Uko hapo nje. Tulimlaza Walter juu yake kwenye mkokoteni."

Honi ya Idarusi ililia. Walimbeba Walter akiwa amelala hivyo hivyo, wakamweka kiti cha nyuma. Truphena alishika mlango wa gari, kisha akauachia.

"Nenda naye, Adoyo," alisema. "Na wewe Muhiba, kaa naye karibu. Tobias! Mbele, kimbia!"

Aliutia ule mpira begani akamfuata.

Walipofika machimboni, Mativo alikuwa ndani ya maji hadi kiunoni. Wenzake walikuwa wakimpigia makofi.

"Toka!" Truphena alipiga kelele.

"Mama, hata sijaanza!"

"Ndiyo maana nakwambia toka!" Aliokota shati na sweta lake, akavinyoosha juu. "Nguo zako hizi hapa, kavu. Nahesabu mpaka kumi. Usipotoka, nakufuata humo humo. Na mimi sijui kuogelea. Moja! Mbili!"

Alipofika sita, Mativo alikuwa nje, anavaa sweta.