Sufuria Ndani ya Blanketi

Aimée alipika haraka, na majirani zake wa Bunia walimjua kwa hilo. Makaa yakishaingia kwenye mbabula, lile jiko dogo la bati, alipepea mpaka moto unaruka. Maharagwe yake yalikuwa na ugumu ndani. Nyama yake ilikauka nje kabla ya kulainika. Wengine walimcheka, kwa kuwa hawakujua sababu.

Siku waliyokimbia kijiji chao karibu na Bule, Aimée alikuwa na sufuria ya nyama motoni. Milio ya bunduki ilianza upande wa soko. Watu wakatoka mbio, na sufuria ikabaki ikichemka. Baba mkwe wake, mzee Lambert, alirudi nyuma kuiipua. Watu wenye silaha wakamkuta jikoni. Walimpiga mdomoni kwa kitako cha bunduki, na meno karibu yote yakaenda. Tangu siku hiyo, Aimée hakukubali tena sufuria ikae motoni muda mrefu.

Sasa kuna amani. Ndivyo wanavyosema redioni, na wanaosema wana geti na walinzi. Aimée alikuwa na furushi kando ya mlango. Ndani mlikuwa na mablanketi mawili mazito, yamefungwa kwa kamba, tayari kwa safari. Usiku wa Bunia una baridi, lakini yeye na mzee walijifunika vitenge tu. Furushi halikufunguliwa.

Jumapili moja Aimée alipata nyama ya nguruwe, vipande vizuri vya mbavu vyenye mfupa. Alivikaanga kwa moto mkali, akampelekea mzee sahani yake. Mzee Lambert alitafuna kwa fizi. Aligeuza kipande huku na huku. Mwisho akajaribu kukimeza kizima, kikamkwama kooni. Alikohoa mpaka machozi yakamtoka.

"Aimée, hii ni nyama ao ni kiatu?" aliuliza alipopata pumzi.

"Ni nyama, Papa. Ni ngulube."

"Basi usiniwekee tena. Nitakunywa buyi, kama mutoto."

Alibeba kiti chake akaenda kukaa nyuma ya nyumba, peke yake. Wiki nzima hakula tena na mkwewe. Alikunywa uji mwepesi, na shati lilizidi kumpwaya. Aimée alikasirika. Aliukasirikia moto, akamkasirikia nguruwe, akawakasirikia waliovunja meno ya mtu mzima na leo wanatembea mjini bila kuulizwa. Zaidi ya yote aliogopa. Mzee huyu ndiye aliyembakia katika ukoo wa marehemu mume wake, na alikuwa akiisha mbele ya macho yake.

Jirani yake, Mama Monique, alifundisha wamama mapishi kwenye parokia. Aliposikia habari hiyo, alikuja.

"Nyama haina kosa," alisema. "Ni moto yako. Ukiichoma mbio mbio, inajikaza. Inataka moto kidogo na wakati murefu."

"Makala ya wakati murefu nitatoa wapi?"

"Hautaongeza makala, utapunguza. Uko na kikapu kikubwa?"

"Iko."

"Na bulangeti?"

Aimée alitazama chini. "Hakuna."

Mama Monique alitazama furushi kando ya mlango. "Na ile?"

"Ile ni ya kukimbia nayo."

Mama Monique hakumcheka. "Furushi ya kwangu iko chini ya kitanda," alisema. "Lakini sikia. Sufuria ya moto tunaifunika na bulangeti ndani ya kikapu, inajiivisha. Kikapu kinabebwa. Tukikimbia, utakiweka kwa kichwa, na nyama itaiva njiani."

Aimée alicheka, ingawa kicheko hicho hakikuwa na utamu. Kisha akapiga magoti, akafungua kamba.

Jumamosi asubuhi walipika pamoja. Walitia mbavu chumvi, kitunguu saumu na tangawizi. Walizigeuza kwenye mafuta mpaka zikapata rangi. Wakaongeza nyanya, kisha maji mpaka sufuria ikakaribia kujaa.

"Sufuria ya nusu inapoa mbio," Mama Monique alieleza. Aimée alipotaka kuipua, alimshika mkono. "Bado. Ngulube inaweza kuwa na minyoo. Iache itokote na nguvu nusu saa, mpaka ndani kusibakie wekundu. Kikapu hakipike nyama mbichi. Kinamalizia tu kazi ya moto."

Waliweka blanketi moja ndani ya kikapu. Walitia sufuria ikiwa bado inatokota, na kifuniko kimefunga vizuri. Walijaza nguo pembeni pasibaki nafasi, wakafunika juu kwa blanketi la pili.

"Usifungue mpaka muchana," alisema Mama Monique. "Ukifungua, joto yote imeenda." Kisha akaenda zake.

Aimée alikaa karibu na kikapu. Mikono ilimwasha kwa hamu ya kukifungua. Ghafla mlio mkali ulipasuka barabarani. Kabla hajafikiri, alikuwa amesimama, ameshika kikapu kwa mikono miwili, macho yake mlangoni.

"Kiache chini," mzee Lambert alisema kutoka mlango wa nyuma. "Ni pikipiki tu. Ile ya jirani Félicien iko mbovu."

Aimée alikiweka chini. Mzee aliingia na kiti chake, akaketi karibu naye.

"Ile siku, sufuria nilirudia mimi," alisema. "Nilikuwa na njaa. Hakuna mutu alinituma. Acha kujipika na ile moto."

Walikuwa hawajawahi kuizungumzia siku hiyo. Aimée alilia, na mzee akamwacha alie.

Mchana walifungua kikapu. Sufuria ilikuwa bado ya moto, na harufu ya kitunguu saumu ikajaa nyumba. Aimée aliirudisha jikoni mpaka ikatokota tena, kama alivyofundishwa. Alipopakua, nyama ilijiachia yenyewe kwenye mfupa. Makaa yaliyosalia yalitosha kupikia maharagwe ya kesho yake.

Mzee Lambert aliketi mkekani. Alikula kipande cha kwanza pole pole. Akala cha pili. Kisha akanyoosha sahani tena.

"Meno yangu iko Bule," alisema. "Lakini hii nyama haiyaulize."

Jioni Aimée alianika mablanketi. Moja alilirudisha kwenye kikapu, kwa kuwa sasa angepika hivyo maharagwe na nyama, akifunika juu kwa nguo. La pili alimfunika nalo mzee, likiwa bado linanuka kitunguu. Siku zilivyopita, mashavu ya mzee yalianza kujaa.

Kando ya mlango ilibaki kamba tu. Aimée aliikunja vizuri, akaitundika msumarini, mahali ambapo mkono ungeifikia hata gizani.